Nani Hutufundisha Kupenda? Biashara ya Muziki na Msikilizaji wa Hip Hop

Wafanyabiashara wa muziki wanapolaumiwa kwa nyimbo wanazozieneza, wana jibu ambalo halijabadilika kwa miaka mingi: sisi tunawapa watu wanachokitaka. Jibu hili lina nguvu, kwa sababu linampa msikilizaji heshima. Linasema kwamba yeye ana masikio yake na hiari yake, na kwamba anayelalamika anataka kumchagulia mwenzake chakula. Wanaolalamika nao husema kwamba kijana wa leo hapendi kwa hiari, bali ametiwa mapenzi hayo kama mtu anavyotiwa dawa ndani ya uji bila kujua. Tunakusudia kuzipima kauli hizi mbili kwa kutumia muziki wa hip hop, ule ambao ulipoingia nchini kwetu uliitwa muziki wa kufokafoka. Historia yake ni fupi na inajulikana vizuri, tangu siku ulipokuwa hauna mfanyabiashara hata mmoja mpaka ulipokuwa bidhaa ya makampuni makubwa ya dunia.

Muziki huu ulizaliwa Bronx, katika jiji la New York, miongoni mwa Wamarekani weusi, wahamiaji wa visiwa vya Karibi na watu wenye asili ya Puerto Rico. Tarehe 11 Agosti 1973 kijana mzaliwa wa Jamaika, Clive Campbell, aliyejulikana kwa jina la Kool Herc, alipiga santuri katika sherehe iliyoandaliwa na dada yake kwenye jengo namba 1520 la barabara ya Sedgwick. Herc alikuwa ameng'amua jambo moja. Wachezaji walikuwa wakingojea kipande kifupi cha wimbo ambapo waimbaji hunyamaza na kubaki mdundo peke yake. Hapo ndipo walipojitupa uwanjani kwa nguvu zao zote. Basi akawa anatumia nakala mbili za santuri ile ile ili kukirudia kipande hicho na kukirefusha. Na tuangalie hapa nani alikuwa mwalimu wa nani. Miguu ya wachezaji ndiyo iliyomfundisha mpiga santuri. Asipowapendeza, uwanja ulikuwa mtupu mbele ya macho yake usiku ule ule.

Mwaka 1979 hali ilianza kubadilika. Bibi Sylvia Robinson, aliyewahi kuwa mwimbaji na ambaye sasa alikuwa na kampuni ndogo ya santuri iitwayo Sugar Hill, aliwakusanya vijana watatu huko New Jersey ambao hawakuwa na jina lolote katika sherehe za Bronx, akawarekodi wimbo wa “Rapper's Delight”. Kwa mamilioni ya watu nje ya New York, huo ndio uliokuwa hip hop. Hawakuuchagua kutoka katika kumi. Ulikuwa ndio uliowafikia.

Lakini haraka ya kumhukumu bibi huyu itatupotosha. Mwaka 1982 kampuni yake ilitoa “The Message”, wimbo uliosimulia bila kuficha adha ya kuishi katika mtaa wa mafukara. Grandmaster Flash na wenzake, ambao jina lao liliandikwa kwenye santuri, hawakuutaka. Waliona kwamba watu huja kwenye sherehe ili wasahau shida, si kukumbushwa. Robinson alishikilia, na hatimaye sauti zinazosikika zaidi katika wimbo ule ni za Melle Mel na mtunzi Ed Fletcher. Wimbo ulipokewa kwa shangwe, ukafungua njia kwa tungo nyingi za kuchambua maisha ya jamii. Hapa zile kauli mbili tulizoanza nazo zinakwama pamoja. Ikiwa biashara huwapa watu wanachokitaka tu, ni nani aliyekuwa ameutaka wimbo ule? Na ikiwa biashara hupotosha tu, mbona safari hii mfanyabiashara ndiye aliyekuwa na imani kubwa zaidi na akili ya msikilizaji kuliko wasanii wenyewe? Jambo lililo dhahiri ni kwamba mtu hawezi kutamani tunda ambalo hajapata kulionja wala kulisikia likitajwa. Anayeamua matunda gani yafike sokoni ameshaamua sehemu kubwa ya yale yatakayopendwa, hata kama hakumlazimisha mtu kununua.

Tukikubali hayo, hatuna budi kukubali pia kwamba ladha zote hufundishwa. Mtoto wa pwani hulelewa katika wali wa nazi, wa Bukoba katika ndizi na senene, na hakuna anayemwita mama yao dikteta. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa, aliwakumbusha wananchi kwamba wengi wa waliosoma shule za kikoloni walijua kucheza rumba na chachacha, lakini hawakuzijua ngoma za kwao. Hiyo nayo ilikuwa ladha iliyofundishwa, na dawa aliyoipendekeza ilikuwa kufundisha nyingine. Serikali zetu zimefanya kazi hiyo kwa njia mbalimbali, nyingine za hekima kuliko nyingine. Redio Tanzania ilirekodi bendi za dansi na ngoma za makabila, na kamati yake ilipitia maneno ya nyimbo kabla hayajaruhusiwa kusikika. Mwaka 1969 wakuu wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul wa Wamarekani weusi. Kitabu hiki chenyewe, kinachochapishwa na Serikali, kinataka msomaji apende vitu fulani. Basi kosa haliwezi kuwa ni kule kuathiri ladha za watu, maana tukisema hivyo tutakuwa tumewashitaki wazazi, walimu na washairi wote.

Wala nguvu ya biashara haikosi mipaka. Kundi la N.W.A. la Compton, California, lilitoa albamu yake ya “Straight Outta Compton” mwaka 1988. Stesheni za redio karibu zote zilikwepa kuipiga, na mwaka 1989 ofisa mmoja wa polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, aliiandikia kampuni yao barua ya kuulaumu wimbo mmojawapo. Hata hivyo albamu ilivuka nakala milioni moja. Mwaka 1991 gazeti la Billboard liliacha kutegemea taarifa za wauzaji wa madukani katika kupanga orodha ya albamu zinazouzwa zaidi, likaanza kutumia hesabu za mashine zinazosoma alama za bidhaa. Orodha ikapinduka. Muziki wa hip hop, na ule wa wazungu wa mashambani, ulionekana kuwa na wanunuzi wengi kuliko ilivyodhaniwa, na mwezi Juni mwaka ule ule albamu nyingine ya N.W.A. ilishika nafasi ya kwanza. Kumbe kwa miaka yote ile makampuni yaliyosema yanajua wanachokitaka watu hayakuwa yakijua.

Yalipojua, yalifanya nini? Kampuni inayogundua kwamba watu wamependa kitu haiwaulizi wangependa nini kesho; huwaletea hicho hicho, kwa wingi, mpaka kiishe utamu. Na kwa kuwa kilichouzwa sana wakati ule kilikuwa hadithi za bunduki na magenge, kijana mwenye hadithi nyingine ya kusimulia alikuta mlango umekuwa mwembamba. Mwaka 1996 ukazidi kuwa mwembamba. Sheria mpya ya mawasiliano ya Marekani iliondoa kikomo cha idadi ya stesheni za redio ambazo kampuni moja ingeweza kumiliki nchini kote. Kikomo hicho kilikuwa stesheni 40. Katika miaka michache tu kampuni ya Clear Channel ilifikisha stesheni zipatazo 1,200. Mtu wa Ohio na mtu wa Texas wakawa wanaweza kusikia orodha moja ya nyimbo, iliyopangwa na watu ambao hawajapata kuwaona wakicheza.

Tumesema kwamba kuathiri ladha si kosa. Kosa tunaliona mahali pengine, na sheria ya Marekani yenyewe inatuonyesha ni wapi. Baada ya kashfa ya wapiga santuri wa redio waliokuwa wakihongwa na makampuni ya santuri, Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria mwaka 1960. Sheria hiyo haikukataza kampuni kulipa ili wimbo wake upigwe. Ilikataza kuyaficha malipo hayo kwa wasikilizaji. Pamoja na hayo, mwaka 2005 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York aligundua kwamba mambo yalikuwa yakiendelea gizani. Wapangaji wa vipindi walipewa safari za starehe na vyombo vya umeme ili wapige nyimbo zilizotakiwa. Kampuni ya Sony BMG ilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza shauri hilo, na mwaka uliofuata Universal ikakubali kulipa milioni 12. Uchunguzi huo ulihusu muziki wa redio wa kila aina, wala haukulenga hip hop peke yake.

Jambo moja lililofichuliwa na uchunguzi huo lastahili kuangaliwa kwa makini kuliko hizo fedha zote. Kulikuwa na watu waliolipwa kupiga simu kwenye stesheni, wakijifanya wasikilizaji wa kawaida, na kuomba wimbo fulani upigwe. Msomaji na alifikirie hilo. Biashara inayojitetea kwa kusema kwamba inafuata matakwa ya watu ilikuwa inatengeneza sauti ya watu, kisha inajitii yenyewe. Hapo yule msikilizaji aliyepewa heshima mwanzoni mwa insha hii amekwisha kunyang'anywa.

Nguvu ya hila ya namna hiyo imepimwa. Mwaka 2006 wanasayansi watatu, Salganik, Dodds na Watts, walitoa matokeo ya jaribio lililowashirikisha zaidi ya watu 14,000 waliosikiliza nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Kundi moja lilichagua bila kujua wengine wamechagua nini. Makundi mengine manane, kila moja kivyake, yalionyeshwa idadi ya watu katika kundi lao waliokwisha kuuchukua kila wimbo. Ilionekana kwamba nyimbo zilizo bora kabisa ni nadra kuanguka, na zilizo mbovu kabisa ni nadra kupanda. Lakini kubwa lililobaki katikati liliweza kupanda au kuanguka kwa bahati ya wale waliotangulia. Kwa hiyo masikio yapo, na yanafanya kazi. Ila kati ya nyimbo nyingi zinazofaa, tunaupenda huu badala ya ule kwa sababu tumeambiwa kwamba wengine wameupenda. Anayeghushi habari hiyo huwa ameshika usukani.

Katika mila zetu mwenye kufunza ladha alikuwa na uso. Somo wa unyago alijulikana, na manju wa ngoma alisimama mbele ya watu waliojua nyumba yake ilipo. Shairi lilipochapishwa gazetini, wiki chache baadaye lilijibiwa, pengine kwa ukali. Katika miaka ya 1970, vikundi vya taarab vya Tanga, Black Star na Lucky Star, vilijibizana kwa nyimbo, na watazamaji walikuwa waamuzi wenye kelele. Hip hop nayo ilianza hivyo, kwa mashindano ya papo kwa hapo ambamo hadhira ilihukumu. Kinachopotea muziki unapoingia katika mikono tuliyoieleza ni huo uwezo wa kumjibu mwenye kutufunza, na hata wa kumjua.

Safari ya muziki huu nchini mwetu imepita njia hiyo hiyo kwa haraka zaidi. Uliingia kwa kanda na filamu, bila kampuni yoyote kuutangaza, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana kama Saleh J waliuvika maneno ya Kiswahili, wakafuatiwa na kundi la Kwanza Unit lililoundwa mwaka 1993. Mwaka huo huo sheria iliruhusu redio za watu binafsi, nazo ndizo zilizoukuza. Ni haki kuzisifu kwa hilo. Mwaka 2001 wimbo wa “Ndio Mzee” wa Professor Jay, unaomkejeli mwanasiasa mwenye ahadi zisizopimika, ulikuwa midomoni mwa watoto na watu wazima, na hakuna aliyesema Watanzania hawapendi nyimbo zenye fikra. Leo tunaambiwa kwamba soko linataka mapenzi na kucheza. Huenda ni kweli. Lakini kwa muda mrefu wasanii wetu wamelalamika kwamba wimbo haupiti bila kupitishwa kwa fedha, na maadamu lalamiko hilo lingalipo, haiwezekani kujua soko linataka nini.

Siku hizi mpangaji wa vipindi ni programu ya kompyuta ndani ya simu. Tangu mwaka 2020 huduma mojawapo kubwa ya kusikiliza muziki kwa intaneti, Spotify, imewapa wenye nyimbo nafasi ya kukubali malipo pungufu ili programu yake iwapendekezee wasikilizaji nyimbo hizo zaidi. Mpango wenyewe umetangazwa. Lakini kijana anayeletewa wimbo huo, akidhani umechaguliwa kwa kufuata ladha yake, haonyeshwi kwamba huu ni mmoja wa zile.

Mwalimu anayetaka kulifikisha jambo hili darasani hana haja ya kukataza wimbo wowote. Na awaulize wanafunzi wataje wimbo walioupenda mwezi huu, waliusikia wapi kwa mara ya kwanza, waliusikia mara ngapi kabla hawajaupenda, na nani alifaidika uliposikika. Swali la mwisho litawashinda wengi. Kisha awape ruhusa nao wamuulize yeye, hasa kama umri wake unakumbuka siku za redio moja: hizo nyimbo anazoziita zilipendwa, zilipendwa kati ya zipi?