Kambi Haikusafiri Mpaka Miriamu Aliporudishwa

Somo: Hesabu 12:1-15

Wapendwa katika Bwana, familia zote za kanisa letu hapa Nakivale, pamoja nanyi wazee mnaosomewa gazeti hili na wajukuu wenu jioni,

Safari hii sisi wazee wa kanisa tunaleta somo lililotuhukumu sisi kwanza. Wengi wenu mmesikia habari hii kwenye bomba la maji, na wengine mmeitia chumvi. Afadhali muisikie kwetu.

Binti wa mzee mmoja wa kanisa letu aliondoka hapa mwaka 2014 na mama yake mdogo, kesi yao ilipokubaliwa. Walipelekwa Marekani, jimbo la Iowa, katika mji wa Des Moines. Huko amesoma, anafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa, na mwaka jana alifunga ndoa kanisani na kijana Mzungu, fundi umeme, mtoto wa wakulima wa mahindi na soya. Sasa wanahamia Dubuque, mji mdogo wa watu wapatao 60,000 kando ya mto Mississippi, kwa sababu mume amepata kazi huko. Des Moines kuna watu wa kwetu na kuna ibada za Kiswahili. Huko waendako hawamjui mtu, isipokuwa wazazi wa mume wanaoishi shambani nje ya mji.

MANENO YETU

Baba yake alikuja kwetu Alhamisi moja baada ya maombi, akiwa na picha ya arusi kwenye simu. Aliomba tuitangaze ndoa ile kanisani na kuwaombea wanaohama. Tuliitazama picha, kisha tukatazamana. Mmoja wetu akasema, "Mzee, ndoa za namna hiyo hazidumu." Mwingine akauliza, "Na mahari je? Mzungu anajua mahari?" Wa tatu akasema tungoje kwanza tuone. Maneno hayo tukayaita hekima. Mzee akaizima simu yake, akashukuru, akaenda zake. Jumapili tatu nafasi yake kwenye benchi ikawa tupu.

Huko nje nako maneno yalikuwa ya aina mbili. Wengine walisema binti amepotea, wajukuu hawatakuwa na kabila. Wengine walisema Mungu amefungua dirisha, sasa mzee atavutwa aende Marekani. Mnajua kwamba Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa na tarehe ya ndege mkononi zikafungua tena mizigo. Kwa hiyo watu wakaanza kumtazama mkwe huyu kama karatasi ya kusafiria. Wapendwa, maneno hayo mawili yamezaliwa tumbo moja. La kwanza linaona ngozi, la pili linaona pasipoti. Kijana mwenyewe hakuna aliyemwona.

MIRIAMU NA HARUNI

Musa alikuwa ameoa mwanamke Mkushi. Kushi ilikuwa nchi ya kusini mwa Misri, kwenye mto Nile, sehemu ya Sudani ya leo. Nabii Yeremia anaitaja ngozi ya Mkushi kama kitu kilichojulikana na kila mtu (Yeremia 13:23). Basi Miriamu na Haruni wakamnena Musa kwa sababu ya mke huyo.

Angalieni, hawa hawakuwa wapagani. Haruni alikuwa kuhani, Miriamu alikuwa nabii. Tena Musa alipokuwa mtoto mchanga ndani ya kisafina mtoni, dada yake ndiye aliyesimama mbali akimlinda. Upendo ulikuwapo, lakini ulimi hauna mfupa. Angalieni pia walivyopanga maneno yao. Walianza na habari ya mke, kisha wakaigeuza iwe ya kiroho, wakauliza kama Bwana alisema kwa kinywa cha Musa peke yake. Hivyo ndivyo tulivyofanya na sisi. Neno la ngozi tulilivika kanzu ya dini.

Katika sura hii tunajifunza mambo matatu.

Kwanza, Mungu alisikia. Musa hakujibu, hakujitetea. Bwana mwenyewe aliwaita watatu hao mbele ya hema, na wingu lilipoondoka Miriamu alikuwa na ukoma, mweupe kama theluji. Aliyesumbuliwa na ngozi ya mwenzake akapata taabu ya ngozi yake mwenyewe.

Pili, yule mwanamke Mkushi hasemi neno hata moja katika sura nzima. Jina lake hatupewi. Wote wanamzungumzia, hakuna anayemuuliza. Tuliposoma hapo tulikumbuka kwamba sisi nasi hatukumuuliza binti yetu.

Tatu, Musa alimlilia Mungu kwa ajili ya dada yake aliyemsema. Miriamu akatengwa nje ya kambi siku 7, na watu wote hawakusafiri mpaka aliporudishwa. Kambi nzima ilikaa inangoja. Sisi watu wa kambi tunajua kungoja. Mara nyingi tunangoja chakula, mahojiano, majina ukutani. Je, tumewahi kusimama tukangoja mwenzetu arudi katika ushirika?

Basi tulikwenda nyumbani kwa mzee. Tuliketi mkekani, tukamwomba msamaha yeye na mama watoto. Alitukaribisha chai, akampigia binti simu mbele yetu. Tulimuuliza anaogopa nini huko anakohamia. Alijibu, "Baba mchungaji, baridi nimeizoea, na macho ya watu madukani nimeyazoea. Ninachoogopa ni simu ya nyumbani, kwa sababu baba yangu siku hizi akinipigia ananyamaza." Mzee alisikia. Sisi tulioweka ukimya ule kinywani mwake tulisikia pia.

MJI WENYE USHUHUDA MBILI

Watu wameuliza, je, mji mdogo wa Wazungu utawapokea? Hatuwezi kudanganya kwamba njia ni laini. Tumesoma habari za Dubuque, tukaona kwamba mji huo una ushuhuda mbili.

Mwaka 1839 aliishi huko mtumwa aliyeitwa Ralph. Bwana wake wa Missouri alimruhusu kwenda kuchimba madini ya risasi Dubuque, alipe dola 550 awe huru. Hakuweza kuzipata. Watu wakaja kumkamata ili wamrudishe utumwani. Mkulima mmoja jirani aliona, akamkimbilia hakimu. Julai mwaka huo mahakama kuu ya Iowa ilimtangaza Ralph kuwa mtu huru. Uhuru wake ulianza kwa jirani aliyetumia kinywa chake vizuri.

Mji huohuo, mwaka 1989, gereji ya familia moja ya watu weusi ilichomwa moto, na hapo pakakutwa msalaba uliochomwa. Mwaka 1991 baraza la mji lilikubali mpango wa kuzikaribisha familia 100 zisizo za Wazungu, na mwaka huo misalaba ikachomwa tena. Fikirini, wapendwa. Msalaba ambao juu yake Bwana alibomoa ukuta wa uadui (Waefeso 2:14-16) watu wakautumia kumtisha jirani.

Juu ya ndoa kama hizi pia, jina la Mungu limewahi kutumiwa vibaya. Mwaka 1958 Richard Loving, Mzungu, alimwoa Mildred, mwanamke mweusi mwenye pia damu ya wenyeji wa kale wa Marekani. Polisi waliwakamata usiku chumbani mwao, katika jimbo la Virginia. Januari 1959 walihukumiwa kifungo cha mwaka 1, wakaambiwa hawatafungwa kama wataondoka wasirudi pamoja kwa miaka 25. Hao nao walifukuzwa kwao, kwa kosa la kuoana. Mwaka 1965 hakimu wao aliandika kwamba Mungu aliweka kila rangi ya watu katika bara lake, na kwa hiyo hakutaka zichanganyike. Tunajua Paulo alifundisha nini Athene, kwamba Mungu aliyafanya mataifa yote kutoka kwa mtu mmoja (Matendo 17:26). Tarehe 12 Juni 1967 majaji wote 9 wa Mahakama Kuu ya Marekani waliifuta sheria hiyo, na majimbo 16 yaliyokuwa yakikataza ndoa hizo yakanyang'anywa nguvu. Iowa yenyewe ilikwisha kuiondoa katazo lake mwaka 1851. Kwa hiyo binti yetu na mumewe wanahamia wakiwa na haki ya sheria. Lakini sheria haiwezi kumkaribisha mtu chai. Hiyo ni kazi ya majirani, na ni kazi ya wazazi.

KWA WANETU WAWILI

Tunawatumia maneno machache, nanyi familia zenye watoto ng'ambo myapokee.

Mwanetu mume, kwa kuwa wewe ni mwenyeji, kuna mambo mkeo atayaona dukani au ofisini ambayo wewe hutayaona. Akikuambia amefuatwa nyuma kati ya rafu za duka, usimwambie ni mawazo yake. Mwamini kwanza. Umeacha baba na mama kuambatana naye (Mwanzo 2:24), na kuambatana ni pamoja na kusimama upande wake mezani kwa ndugu zako.

Binti yetu, usiufunge moyo kwa sababu ya macho ya watu. Ruthu alikuwa Mmoabu, akaenda mji mdogo wa Bethlehemu ambako kila mtu alijua ametoka wapi. Alianza kwa kuokota masuke, akaishia kuwa mama wa babu yake mfalme Daudi, kwa maana alimzaa Obedi, Obedi akamzaa Yese, Yese akamzaa Daudi. Tafuteni kanisa mapema, kabla ya theluji kuwafungia ndani. Mkifika msingoje kualikwa tu. Pikeni sombe na ugali, mwite jirani.

Na Mungu akiwapa watoto, msikubali waitwe nusu. Timotheo alikuwa mtoto wa mama Myahudi na baba Mgiriki (Matendo 16:1), na Paulo alimwita mwana wake katika imani. Wafundisheni Kiswahili ili waongee na babu yao, na wapelekeni shambani kwa bibi yao wa huko wajue mahindi yake. Watoto hao watakuwa na nyumba mbili kamili.

KWA SISI TULIOBAKI

Wapendwa, tusifikiri jambo hili ni la Marekani peke yake. Hapa makazini tunaishi Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na wengine wengi. Kijana wetu akipenda binti wa upande mwingine, maneno ya Miriamu hayachelewi kutoka. Wengi wetu tuliikimbia nchi kwa sababu mtu aliulizwa kabila kabla ya kuulizwa jina. Je, tutaibeba swali hilo mpaka kwenye arusi za watoto wetu?

Na wazazi wenye watoto ng'ambo, tunawasihi. Mtoto akileta habari ya mchumba, ulizeni kama anamcha Mungu, kama ni mkweli, kama anafanya kazi, kama anamheshimu. Maswali hayo ni haki ya mzazi, na yanamfaa Mzungu na mweusi sawasawa. Habari ya mahari zungumzeni kwa upole, mkijua kwamba upande wa pili haujui desturi hiyo. Mkwe si hazina na si kesi mpya ya kusafiri. Mpigieni simu siku ambayo hamna shida ya kumweleza. Mumsalimu tu.

Jumapili ijayo ndoa ile itatangazwa, kama ilivyostahili kutangazwa tangu mwanzo. Mzee amekubali kusimama mbele na mama watoto. Tutawapigia wanetu simu kutoka madhabahuni, na tunaomba kila mtu awepo, hasa sisi tuliosema.

TUOMBE

Bwana uliyesikia maneno yaliyosemwa juu ya mwanamke Mkushi, umesikia na yetu. Utusamehe. Ponya ndimi zetu. Uwape wanetu jirani mmoja mwema huko Dubuque, na utufanye sisi kuwa majirani wema hapa. Tusiondoke hapa tulipo mpaka kila tuliyemtenga amerudishwa. Katika jina la Yesu, Amina.

Ni sisi wazee wenu katika Kristo.