Nani Kakutuma?

Watanzania tuna tusi ambalo kwa sura halifanani na tusi. "Wewe umetumwa." Anayeambiwa hivyo mkutanoni huanza kuapa: hajatumwa na mtu, maneno ni yake, kayatoa kichwani mwake mwenyewe. Sasa lichukue neno hilohilo ulipeleke kwenye uchaguzi. Mgombea anasimama mbele ya bweni anaomba, nitumeni. Akishinda anaitwa mjumbe, yaani mtu aliyetumwa. Siku akifikisha alichotumwa, wakubwa wanamgeukia: nani kakutuma?

Nilikaa ndani ya swali hilo mwaka mzima, nikiwa mjumbe wa baraza la wanafunzi katika chuo kikuu kimoja hapa nchini.

Kwa asiyewahi kuiona, serikali ya wanafunzi ni jamhuri yetu iliyopunguzwa ukubwa. Kuna rais na makamu wake, waziri mkuu, mawaziri (wa mikopo ndiye mwenye foleni mlangoni), na kuna baraza lenye spika na wajumbe waliochaguliwa na mabweni au vitivo. Tunaitana waheshimiwa, mwanzoni kwa utani, baadaye si kwa utani tena. Fomu za wagombea huchujwa. Mchango wa umoja hukusanywa pamoja na ada na kukaa kwenye akaunti ya chuo, kwa hiyo hata fedha ya jezi za mpira inahitaji saini ya mtu ambaye hatukumpigia kura. Baraza halina polisi wala hazina. Ukilichunguza vizuri utagundua mtaji wake ni mmoja tu, habari: mjumbe anasikia jambo kabla ya wenzake. Ndiyo maana ugomvi mkubwa kuliko yote niliyoyaona pale ulihusu siri.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili. Bumu lilichelewa wiki ya tatu, ya nne, ya tano. Mama ntilie walikuwa wamefunga madaftari ya madeni. Mabwenini watu walianza kuchanga nauli ili wawakilishi wapande basi kwenda Dar es Salaam kuwabana Bodi ya Mikopo. Wachangaji hao ni watu waliokuwa wanalala na uji.

Baraza tukaitwa kikao na uongozi wa chuo. Kabla ya lolote tukaombwa kukubaliana kwamba yatakayosemwa yabaki mle ndani. Vichwa vikatikiswa. Ndipo tukaelezwa kwamba kikwazo hakikuwa Bodi. Matokeo yetu, ambayo Bodi huyahitaji kabla ya kutoa fedha, yalikuwa hayajatoka chuoni kwenda kwao. Yangepelekwa, fedha ingefika ndani ya wiki mbili. Tusitangaze, kwa sababu ya hofu ya vurugu.

Mjumbe wa bweni moja la wasichana, dada kutoka Korogwe ambaye mama yake anauza machungwa stendi ya Manundu, alirudi bwenini usiku huohuo akasema maneno machache: "Msichange nauli. Mnakwenda kugonga mlango usio wenyewe. Zaidi ya hapo niliombwa nisiseme." Asubuhi chuo kizima kilijua, na michango ikarudishwa kwa wenyewe. Wiki hiyohiyo baraza likamshtaki kwa kuvunja siri ya kikao. Kura zikapigwa, akavuliwa ujumbe. Mimi nilikuwa miongoni mwa wachache tuliokataa. Niliposimama kueleza kwa nini, mtu wa safu ya nyuma alisema, bila hata kupaza sauti, "Huyo katumwa."

Nataka kuwatendea haki waliomvua, kwa sababu hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Spika aliiweka hivi: mlango wa wakubwa umefunguliwa kidogo, nasi tunachungulia. Tukipiga kelele utafungwa, na baraza lijalo halitajua hata tunachokijua sisi. Isitoshe, hofu ya vurugu haikubuniwa na mtu. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400, na akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Julai 1971 rais wa DUSO, umoja wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mkenya aliyeitwa Symonds Akivaga, alifukuzwa baada ya barua ya wazi iliyoulaumu uongozi. Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza za maslahi ya viongozi, na mamia wakatimuliwa. DUSO yenyewe ikafa. Mahali pake ukawekwa MUWATA, uliofungamana na chama. Mzazi aliyeuza mbuzi ili mwanawe asome ana haki ya kuiogopa historia hiyo.

Lakini hebu itazame MUWATA kwa jicho la spika wetu. Ulikuwa na mlango uliofunguliwa. Viongozi wake walikaribishwa ndani. Kilichobadilika ni upande ambao ujumbe ulikuwa unakwenda: kutoka juu kuja chini. Mjumbe wa namna hiyo naye ametumwa kwelikweli, ila si na wale waliompigia kura. Sioni sababu ya kuulinda mlango kwa gharama yoyote kabla ya kuuliza unapitisha nini, na kwa upande gani.

Wapo watakaoniambia kwamba mjumbe si tarishi. Hoja hiyo ni ya zamani. Mwaka 1774 Edmund Burke aliwaambia wapiga kura wake wa Bristol, Uingereza, kwamba anawadai nafasi ya kutumia akili yake, hata pale wanapotaka vingine. Miaka 6 baadaye kiti cha Bristol kilimponyoka. Mimi naikubali sehemu kubwa ya hoja ya Burke. Dunia hubadilika katikati ya kikao. Mjumbe asiyeruhusiwa kufikiri ni bora abaki nyumbani, itumwe barua. Ila Burke alikuwa anazungumzia hukumu. Hakuzungumzia kuwaficha waliokutuma jambo ambalo wao wenyewe wangelitumia kuhukumu. Dada wa Korogwe angeweza kupiga kura kinyume na bweni lake kisha akalieleza sababu. Alichoombwa ni kuliacha bweni lichange nauli ya safari ambayo yeye anajua haina maana.

Mjomba wangu ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji huko Handeni. Halmashauri ya kijiji ina watu kati ya 15 na 25, lakini juu yake upo mkutano mkuu: kila mkazi aliyetimiza miaka 18, pamoja na mlevi wa kijiji na bibi anayesinzia chini ya mwembe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuridhia kwanza. Handeni, ambako kila anayekuja na gari zuri anaulizia mapori, kifungu hicho si cha vitabuni. Likizo moja nilimweleza mjomba kisa cha chuoni.

"Shikamoo mjomba, hivi wewe ukiombwa siri kwenye halmashauri unafanyaje?"

"Marahaba mwanangu. Siri ya nini?"

"Sijui bado. Wanaomba kwanza, ndiyo wanasema."

Alicheka mpaka akaweka jembe chini. Akasema mtu akimwomba siri kabla ya kuitaja, yeye huwa anajua tayari ni shamba la nani linaloondoka.

Ningeishia hapo kama mambo yangekuwa mepesi hivyo. Lakini baraza letu lilikuwa na siri nyingine, na hizo nilizitunza bila kusitasita, na bado nazitunza. Tulisikiliza habari ya mwanafunzi aliyetaka kuacha masomo kwa sababu ambazo ni zake. Tulijadili mashauri ya nidhamu ambayo ushahidi wake haukuwa umekamilika. Mjumbe anayekimbia na mambo hayo bwenini anamuumiza mtu ambaye hakuwa kwenye kikao kujitetea. Kwa hiyo siwezi kusema baraza lisiwe na siri. Ninachosema ni kwamba siri ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye mwenye haki ya kuiomba. Habari ya yule mwanafunzi ni mali yake. Habari kwamba matokeo ya mamia ya watu yamelala ofisini ni mali ya hao mamia. Aliyetuomba tuifiche hakuwa mwenye mali. Alikuwa mwenye aibu.

Hapo ndipo ninapotofautiana hata na baadhi ya waliomtetea yule dada. Wao walisema alivunja ahadi, lakini kwa sababu nzuri. Mimi nasema hakukuwa na ahadi ya kuvunja. Mtu anaweza kuahidi kilicho chake. Masikio aliyoingia nayo mle ndani yalikuwa ya bweni. Alichaguliwa ayabebe kwa sababu watu 200 hawaenei kwenye chumba kimoja. Wangeenea wangesikia wenyewe, na hakuna ambaye angewaomba wajifiche wao kwa wao. Na bado yeye, kwa adabu ya kwao, aliinusisha ahadi ile heshima: hakutaja matokeo wala ofisi, alizuia tu nauli. Kuna wajumbe wangesimama juu ya meza.

Fedha, kwa taarifa yenu, ilifika baada ya wiki tatu. Vurugu haikutokea. Siutumii ukweli huo kama ushahidi, kwa sababu ingeweza kutokea, na bado ningepiga kura ileile.

Muhula uliofuata wachache wetu tuliandika pendekezo la kurekebisha katiba ya umoja, kifungu kimoja kifupi: mjumbe hafungwi na siri aliyoombwa kabla ya kuelezwa inamhusu nani, na jambo linalogusa haki ya wanafunzi wote haliwezi kufanywa siri ya kikao. Spika alilipinga mjadala mzima, akashindwa kwa kura chache, akatupa mikono. Yule dada hakuwa mjumbe tena, lakini alikuja akakaa dirishani nje, pamoja na wengine, wakisikiliza. Kwa kanuni zetu marekebisho ya katiba hayaanzi kutumika mpaka mlezi wa umoja ayaidhinishe. Tuliyapeleka ofisini kwake yakiwa na muhuri na saini zote. Tulipohitimu yalikuwa bado yanafanyiwa kazi.