Ujana Uliomo Kwenye Nyatiti

Mwanamuziki wa Kenya Ayub Ogada alianza ujanani na roki, katika bendi ya Black Savage ya miaka ya 1970. Lakini albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, En Mana Kuoyo ya 1993, aliijenga juu ya nyatiti, ala ya nyuzi nane ya Waluo. Alifariki mwaka 2019.

Wahenga walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Ni kweli. Ila yale tuliyoyapenda ujanani yanaweza kurithiwa. Leo jioni waite wanao, muisikilize En Mana Kuoyo pamoja, uwasimulie ulikuwa nani ulipoisikia mara ya kwanza.