Nyenje wa Tsushima

Katika Ghost of Tsushima, mchezo wa video uliotoka mwaka 2020 kuhusu uvamizi wa Wamongolia katika kisiwa hicho cha Japani mwaka 1274, samurai Jin Sakai anaweza kuiacha vita akaenda makaburini kutafuta nyenje. Wapo wanaosema kazi za namna hii ni za kujaza nafasi tu: watengenezaji wameishiwa hadithi, wakatawanya vitu porini ili mchezaji akawie. Shutuma hiyo ina uzito pale mtu anapobaki kufuata mshale kwenye ramani. Hapa lakini kiongozi ni upepo, unaolaza nyasi kuelekea anakokwenda, na nyenje mwenyewe husikika kabla ya kuonekana. Mchezaji hulazimika kusimama na kutega sikio, jambo ambalo mapigano hayamruhusu kamwe. Tena malipo yake si upanga mkali zaidi, ni nyimbo za filimbi ambazo Jin akizipiga, hali ya hewa hubadilika.

Atauliza mtu: kisiwa kinateketea, shujaa anakusanya wadudu? Kweli inachekesha, na mchezo wenyewe haujisumbui kujitetea. Ila mchezaji ambaye hajakitembea kisiwa polepole hana sababu ya kukipigania zaidi ya kwamba ameambiwa akipiganie, na sababu hiyo haimfikishi mbali. Bendera za kivita zilizotapakaa huko, zinazokusanywa ili kupata matandiko mapya ya farasi, hazina utetezi huo. Hizo ni za kujaza nafasi.