Spana Namba Kumi

Binamu yangu alivunjika mguu kwenye Naivasha Road, pale Kawangware, akiwa amebeba abiria mmoja na gunia la viazi. Abiria aliinuka akajipangusa vumbi. Viazi vilitawanyika barabarani na watu wenye haraka wakaviokota. Yeye alibaki chini akitazama mfupa wa muundi ukiwa umetokeza nje, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama pikipiki iko sawa.

Kuna kipande cha mfupa kilichopotea siku hiyo. Kidonda kilipofunga, baada ya miezi mingi, mguu wa kulia ulikuwa mfupi kuliko mwenzake kwa sentimita 4. Alikuwa anatembea kama mtu ambaye mguu mmoja uko barabarani na mwingine uko ndani ya mtaro. Hatimaye madaktari wakamvalisha fremu: pete za chuma zinazouzunguka mguu, na nyaya nyembamba zinazotoboa ngozi, nyama na mfupa na kutokea upande wa pili. Wakaukata mfupa makusudi, mahali pazima chini kidogo ya goti, wakaacha siku kadhaa zipite, kisha wakamrudisha nyumbani na kazi. Kila siku milimita 1, igawanywe mara nne.

Nati za fremu hiyo huzungushwa kwa spana namba kumi. Alipoonyeshwa alicheka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, maana mtu wa boda anaijua spana hiyo kuliko kijiko. Ukizungusha mzunguko mzima, pete zinaachana milimita 1. Kwa hivyo robo saa kumi na mbili asubuhi, robo saa sita mchana, robo saa kumi na mbili jioni, robo saa sita usiku. Mwanya unafunguka polepole na mwili unaujaza mfupa mchanga. Ukienda mbio, haujai. Ukizembea, mfupa unashika kabla ya wakati na inabidi ukatwe tena. Siku 40, robo 160.

Akakataa kuzungusha mwenyewe. Mtu aliyekuwa anapenya katikati ya matatu mbili bila kufumba jicho alikuwa anaona spana mkono unaanza kutetemeka. Familia ikakaa kikao kwa simu, ikaamuliwa ni mimi. Niliacha chuo mwaka wa pili, naandikia watu vitu kwa malipo yanayochelewa, na kwenye ukoo wetu hiyo inamaanisha sina kazi. Nikatoka keja yangu Kawangware na begi moja nikahamia kwake Kibera, upande wa Kianda.

Kuna kitu sikuwaambia kwenye kikao. Fremu hiyo nilikuwa naijua kabla ya ajali. Nilikuwa nimekaa karibu miaka miwili, usiku usiku, nikiangalia video za wanaume wazima, wenye miguu mizima, wanaolipa makumi ya maelfu ya dola wavunjwe miguu yote miwili ili waongeze sentimita 6 au 7. Wengi wanaenda Uturuki. Wengine hawavai pete za nje, wanawekewa chuma ndani ya mfupa kinachorefushwa kwa sumaku. Nilikuwa najua bei, najua mpangilio wa siku, najua mtu anarudi kutembea sawasawa baada ya muda gani.

Mimi nina sentimita 158. Nilijipima kwenye fremu ya mlango, na penseli, mara tano. Jeshi la Ulinzi la Kenya likitangaza nafasi za makurutu linataka angalau sentimita 160, na wenzangu wa mtaa walipoenda kujaribu mimi nilijifanya nina homa. Sikuwa hata nataka jeshi. Nilikuwa sitaki kupimwa mbele ya watu. Kama wewe ni mrefu hii itakuonekana ni upuzi, na sina nguvu ya kukubishia. Ni kuitwa "kijana" na konda aliye mdogo wako. Ni msichana kukwambia wewe ni kama kaka yake, kisha anakupima kwa macho, juu mpaka chini, safari fupi.

Huenda nimemfuata baba, naye hakuwa mrefu. Huenda ni uji mwepesi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikuta asilimia 26 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Ule wa 2022 ulikuta 18. Ni habari njema, na mimi nilizaliwa mapema mno kuifaidi. Siwezi kujua ni sentimita ngapi zangu zilizoliwa na nani. Lakini nikisikia mtu akisema urefu ni mpango wa Mungu huwa natamani kumuuliza kama na bei ya maziwa ni mpango wa Mungu.

Basi hapo ndipo nilipokuwa, na spana mkononi, nikimfanyia binamu yangu kitu nilichokuwa nakiota kwangu.

Shangazi, mamake, alikuwa anakuja Jumamosi na ndizi na ushauri. Siku moja simu yangu ilibaki wazi kwenye meza, video ikiendelea bila sauti. Akaitazama muda mrefu. "Huyu naye aligongwa na nini?" Nikamwambia hakugongwa, alilipa. Shangazi akaisukuma simu kwa kidole kama inaweza kuambukiza. "Kijana wangu," akasema, "msiba wa kujitakia hauna kilio."

Methali hiyo imenikalia kichwani tangu siku hiyo, na nimejaribu kugombana nayo kwa haki.

Nilianza na mpaka wake. Nani aliyejitakia? Binamu yangu alikuwa amebeba abiria na gunia, bila helmeti, akikata upande usio wake ili kuokoa dakika mbili. Hospitalini nilimsikia mtu akisema watu wa boda hujitakia. Shangazi angemrarua mtu huyo. Kwake mtoto alikuwa anatafuta unga, na ni kweli, alikuwa anatafuta unga. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki hapa Nairobi siku chache baada ya upasuaji wa kupunguza mafuta mwilini. Ndani ya gari ya 46 niliwasikia watu wawili wakiizungumzia habari hiyo, na mmoja akaifunga kwa neno moja: "Alijitakia." Akarudi kutafuna njugu. Nikaona methali ile haitupimii makosa. Inatupimia umbali kati yetu na anayelia.

Halafu pole yetu ina namba ya malipo. Binamu alipoanguka, grupu ya mchango ilifunguliwa kabla damu haijakauka. Steji nzima ilitoa, hata jamaa anayemdai. Sasa fikiria mimi nikifungua grupu: ndugu na marafiki, nimejivunja miguu miwili kwa hiari, naomba mnisimamie. Nani atatuma hata mia? Na mfupa wangu ungeuma vile vile, maana neva haina habari nani alilipia.

Hata chuma chenyewe hakijui. Daktari Gavriil Ilizarov aliitengeneza njia hii Kurgan, huko Siberia, mwanzoni mwa miaka ya 1950, nchi yake ikiwa imejaa askari waliorudi vitani na mifupa isiyounga. Mmoja wa wagonjwa wake maarufu alikuwa Valeriy Brumel, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu, Tokyo 1964. Mwaka uliofuata alivunjika mguu kwenye ajali ya pikipiki. (Nilipomsomea binamu habari hii alitaka kujua ni pikipiki aina gani.) Upasuaji baada ya upasuaji haukufaa, mpaka Ilizarov akamvalisha pete zake, na jamaa akarudi kuruka. Pete hizo hizo baadaye zikatumika kwa watu ambao hawakuwa na jeraha lolote, ila kioo. China iliamua 2006 kupiga marufuku upasuaji huu kwa ajili ya urembo, baada ya watu kulemazwa.

Kufika hapo nilikuwa nimeshinda hoja, kichwani mwangu. Maumivu ni maumivu, mtu asiulizwe risiti. Kisha mvua ikaja.

Choo cha plot yetu kiko milango sita mbali, na kati yake kuna mtaro wenye ubao mmoja. Mtu mwenye pete za chuma na magongo hapiti pale usiku, mvua ikinyesha. Kwa hivyo nilimbeba. Mimi wa 158 nimembeba mgongoni mtu wa 179, fremu ikinikwaruza ubavu, yeye ameshika tochi ya simu na analia, na anajaribu kulia chini chini ili jirani wasiamke. Jirani waliamka. Mmoja alishika mlango wa choo. Mwingine, mama anayechoma mahindi Olympic, alitoka na mwavuli ambao haukusaidia kitu, akatufuata kwenda na kurudi.

Halafu kuna kuchemsha maji ya chumvi na kusafisha kila tundu la waya, moja moja, ukinusa kama lina usaha. Kuna leso tuliyokuwa tunaifunga chini ya kanyagio kuvuta vidole juu, maana msuli wa nyuma ukikaza kisigino hakirudi chini. Kuzungusha nati kwenyewe hakuumi sana. Mfupa unaikubali milimita yake. Misuli na neva ndizo zinazokataa, na zinakataa saa tisa usiku. Na zile siku 40 zikiisha fremu haivuliwi. Inakaa miezi mingine mpaka mfupa mchanga ugumu.

Kwenye video huwa wanasema, mwili wangu, pesa zangu. Sijawahi kuona wakimwonyesha anayebeba ndoo. Na hapo ndipo nilipoanza kumwelewa shangazi kidogo. Amezika, ameuguza, amechanga. Huruma kwake si hisia, ni mgongo, na mgongo una kipimo. Bado naona amekosea kuhusu kilio: mtu akilia mpe pole, usimpeleleze. Lakini kubebwa ni kitu kingine. Binamu yangu hakupata nafasi ya kuuliza kabla lori halijamfikia. Mimi ningekuwa nayo. Mtu anayepanga kuvunjika ana muda wote wa kwenda mlango kwa mlango na kusema: nataka kufanya kitu hiki, mtanibeba? Na watu wana haki ya kusema hapana.

Niliona aibu kwamba katika miaka miwili ya kupiga hesabu za dola sikuwahi kufikiria ni nani.

Usiku wa siku ya 31 tulikuwa tunasubiri saa sita, taa zimepotea, mshumaa kwenye kopo. Nikamwambia. Zile video, mlango na penseli, yote. Nilidhani atanicheka, au atakasirika, na angekuwa na haki. Alinyamaza akiangalia mguu wake.

"Hiyo pesa huna," akasema.

"Sina. Na sidhani nitaipata."

"Lakini ukiipata."

"Sijui, buda. Labda."

"Na hii umeiona yote. Choo, usaha, yote."

"Nimeiona."

Akaikuna ngozi kati ya pete mbili kwa kijiti, pole pole.

"Saa tisa usiku utamwita nani?"

"Wewe."

"Unaniambia ama unaniuliza?"

"Nakuuliza."

Akalala chali, akaweka mkono juu ya macho kama afanyavyo kila mara spana ikikaribia.

"Zungusha hiyo kwanza," akasema. "Imeshapita saa sita."