Historia ya Kijiji ni ya Nani?

Husemwa kwamba kijiji kisichozaa mtu mkuu hakina historia. Neno hili lina nusu ya kweli, na nusu ya kweli ni jirani wa uongo. Chato, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, ilikuwa kwa miaka mingi sehemu ya wilaya ya Biharamulo. Mwaka 2012, ikiwa wilaya kamili, ikaingizwa katika mkoa mpya wa Geita. Sifa yake ilivuma baada ya mwaka 2015, John Magufuli, aliyezaliwa huko mwaka 1959, alipokuwa Rais. Machi 2021 akazikwa kwao.

Je, kabla ya hapo Chato haikuwako? Wavuvi walitupa nyavu, wakulima walichuma pamba, akina mama walianika dagaa, wala kalamu haikuwataja. Lakini hapana mkuu asiyelelewa na wadogo. Kijiji kiwekacho thamani yake yote juu ya mtu mmoja huzikwa pamoja naye. Kikumbukacho wote huishi baada yake. Basi tumwandike aliyetawala, tusimsahau aliyemlisha. Kumkumbuka huyu wa pili si hisani; ni deni.