Je, Ni Pumzi ya Kuazima?

Chota maji ya ziwa uyatie kwenye beseni. Chovya mrija wa soda mpaka ncha yake iwe sentimita 10 chini ya uso wa maji, kisha puliza taratibu hadi viputo vianze kutoka. Ule ukaidi mdogo unaousikia mashavuni, maji yakikataa kidogo kabla ya kukubali, ndio kipimo wanachotumia madaktari kupimia upepo wa mashine ya CPAP, ile inayompulizia mlalaji hewa kwa barakoa iliyofungwa puani. Mashine nyingi hufanya kazi kati ya sentimita 4 na 20 za maji. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na limemeza meli na mitumbwi. Sentimita 10 tu, zikigeuzwa upepo, zinatosha kumzuia mtu asizame kitandani mwake.

Kinachozama ni koo. Mtu akishikwa na usingizi, misuli ya ulimi na ya nyuma ya kinywa hulegea. Kwa wengi hulegea kidogo, wakakoroma, basi. Kwa wengine njia ya hewa hujifunga kabisa: kifua kinahangaika, tumbo linapanda na kushuka, na hakuna kinachoingia. Kimya hicho kikifika sekunde 10 kinahesabiwa tukio moja. Ubongo hushtuka, mlalaji anavuta hewa kwa kishindo kama mvuvi aliyeibuka majini, kisha anaendelea kulala bila kujua lolote. Anayefikisha matukio 30 kwa saa huhesabiwa mgonjwa wa hali kali, na hayo, kwa usiku wa saa saba, ni mara 210. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Respiratory Medicine yalitaja watu wazima wapatao milioni 936 duniani wenye tatizo hili, wakiwemo wa hali nyepesi.

Dawa yake ilitoka Australia. Mwaka 1980, huko Sydney, daktari Colin Sullivan alitumia mota ya mashine ya kufyonza vumbi, akaifanya ipulize badala ya kufyonza, akauelekeza upepo wake puani mwa mgonjwa. Koo likabaki wazi. Mwaka uliofuata habari ikachapishwa, na barakoa zikaanza safari yao duniani.

Kalemie, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, safari hiyo inakutana na maswali ambayo Sydney haikuulizwa.

Tuseme ni nyumba ya mwalimu mstaafu katika komini ya Lac. Mkewe amezoea kumpiga kiwiko usiku: "Baba, pumua!" Asubuhi mzee anaamka na kichwa kizito, na kabla ya saa sita mchana ameshasinzia kwenye kiti. Majirani wana maelezo matatu tayari. La kwanza ni la utani: anayekoroma hivyo ameshiba na hana deni. La pili ni la umri. La tatu husemwa kwa sauti ya chini, kwamba kuna mlozi anayemkalia kifuani usiku, na hapo chumba cha maombi kitafunguliwa mapema kuliko zahanati. Kiswahili chenyewe kinasaidia shutuma hiyo, maana kinalo jina la kitu kinachomkandamiza mtu usingizini: jinamizi. Si kila jinamizi ni koo lililofunga, na madaktari huyatenganisha haya mawili. Lakini mtu aliyeamka akitweta gizani hana muda wa kutenganisha.

Lugha hii inakwenda mbali zaidi. Roho ni ile inayomrudia Mungu mtu akifa, na wazee waliliita koo nalo roho: aliyekabwa shingoni amekabwa roho, aliyefariki amekata roho. Pumzi nayo ina undugu na pumzika, na aliyefariki tunasema amepumzika. Kwa hiyo mgeni akija na mashine ya kushughulikia pumzi, koo na mapumziko kwa pamoja, mwenye Kiswahili chake ana haki ya kuuliza kama huyu fundi hajaingia chumba kisicho chake. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kwamba binadamu wa kwanza alipuliziwa uhai, tena puani, pale pale inapokaa barakoa. Kurani, katika sura ya Zumar, inazifananisha roho za wanaolala na za wanaokufa: Mwenyezi Mungu huzichukua zote, kisha za wanaolala ambao siku yao haijafika hurudishwa. Kama kila usiku roho huchukuliwa na kila alfajiri hurudishwa, mtu anayejifunga mpira usoni anamwambia nini Mwenye kuirudisha? Kwamba hamwamini?

Swali ni zuri, na jibu la haraka la "Mungu ndiye aliyewapa madaktari akili" halilitoshi. Jibu lenyewe limo ndani ya mashine.

CPAP haimpumulii mtu. Hapa wengi huichanganya na mashine za chumba cha wagonjwa mahututi, ambazo kweli hushika usukani wa mapafu. Mwaka 1952 ugonjwa wa polio ulipoilemea Copenhagen, wanafunzi wa udaktari walipokezana zamu usiku na mchana wakiminya mifuko ya hewa kwa mikono ili watoto na watu wazima waliopooza wasife. Hiyo ndiyo pumzi ya kuazima. Mkono ukichoka, mgonjwa anakufa. Barakoa ya CPAP haifanyi hivyo. Inasukuma upepo usiobadilika, na upepo ule unayategemeza makuta ya koo yasigusane, kama mti unaoegemezwa mlango usijifunge. Kuvuta na kutoa ni kazi ya mlalaji mwenyewe, kwa amri ya ubongo wake mwenyewe. Akikata roho ndani ya barakoa, mashine itaendelea kupuliza bure, wala haitamzuia kwenda. Anayesema imechukua kazi ya Mungu ameipa sifa isiyostahili.

Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Elisha na mtoto wa mama Mshunami. Kwanza alimtuma Gehazi na fimbo. Fimbo haikufanya kitu. Ndipo nabii mwenyewe akaingia, akafunga mlango, akaomba, kisha akajilaza juu ya mtoto, mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto. Sala na mwili vilikwenda pamoja. Mtoto akapiga chafya mara saba, akafumbua macho. (Waliovaa barakoa wiki ya kwanza watatabasamu hapa: chafya na kamasi ni miongoni mwa usumbufu wa mwanzo.) Waislamu wa Kalemie nao wanaijua hadithi ya Mtume na yule aliyemwacha ngamia wake bila kumfunga kwa madai ya kumtegemea Mungu; aliambiwa amfunge kwanza.

Mfano wa karibu zaidi uko ng'ambo ya ziwa. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe, akapelekwa Malta kusomea utabibu. Alifika Karema, upande wa Tanzania, mwaka 1889, akakaa hapo mpaka kifo chake mwaka 1956. Kwa zaidi ya miaka 60 alikuwa katekista na tabibu kwa wakati mmoja, akifundisha sala na kutoa dawa.

Kama hoja ya imani imekwisha, mbona wengi huivua barakoa saa nane za usiku? Kwa sababu kuna jambo jingine, gumu kuliko ubishi wa dini. Usiku wa kwanza ni kama kukaa mbele kabisa kwenye mtumbwi wa mota, upepo wa kiangazi ukikupiga usoni, na mtu akakuambia: sasa lala. Kuvuta ni rahisi, kutoa ndiko kazi, maana unatoa dhidi ya upepo. Ukifungua mdomo, hewa inatoka kwa fujo na koo linakauka. Ukikaza mikanda kwa hasira, barakoa inajikunja na kuvuja zaidi, ikipuliza machoni. Ndevu nazo huleta mvujo. Wanaowafundisha wagonjwa hushauri waianze mchana: kuivaa dakika chache bila mashine, kisha na mashine, mtu ameketi anasikiliza Radio Okapi, hofu ya kubanwa ipungue polepole, na kuipima mikanda ukiwa umelala, kwa sababu uso wa aliyelala si uso wa aliyeketi.

Ushauri huo ni wa fundi, lakini chini yake kuna falsafa. Kupumua ni miongoni mwa mambo machache ya mwili tunayoweza kuyaamuru na pia kuyaacha yajiendeshe. Barakoa inamfanya mtu akumbuke kwamba anapumua, na anayekumbuka huanza kusimamia, anayesimamia halali. Kinachohitajika ni kuacha kusimamia. Sala za usiku za Kikatoliki huikabidhi roho mikononi mwa Mungu, na dua ya Mwislamu anapolala humkabidhi Yeye kufa na kuishi. Watu huyasema hayo miaka 40 na mwili haujawahi kuyasadiki. Mwalimu wetu wa Lac, aliyefungwa mikanda gizani, upepo ukiingia bila kumuuliza, kwa mara ya kwanza anatakiwa kuyatenda.

Linabaki swali la haki, na hapo dini ina mengi ya kusema kuliko inavyosema. Tarehe 24 Novemba 1957 Papa Pius XII aliwahutubia madaktari wa nusukaputi, akijibu maswali ya Bruno Haid wa Innsbruck, Austria, kuhusu mashine za kupumulia. Alifundisha kwamba mtu analazimika kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, na ukawaida hupimwa kwa hali za watu, mahali, nyakati na utamaduni, bila kuwatwika mzigo mzito.

Mahali. Neno hilo Kalemie linauma. Mashine moja hugharimu dola mia kadhaa. Barakoa na vichujio huchakaa na kutaka vipya. Umeme wa mji hutoka Bendera, kituo cha enzi za Wabelgiji kilicho zaidi ya kilometa 100 kaskazini, na kila mkazi anajua maana ya umeme kukatika. Historia ina kejeli zake: tarehe 29 Juni 1965 wapiganaji wa Che Guevara waliishambulia Bendera wakashindwa, na kiongozi wao, daktari aliyepewa huku jina la Kiswahili la Tatu, alikuwa mgonjwa wa pumu aliyebeba shida ya pumzi yake milimani kando ya ziwa hili. Leo pumzi ya mlalaji wa Kalemie inategemea nyaya za kituo hicho hicho. Bila kile kisanduku cha kupasha maji ya unyevu, mashine nyingi hutumia wati 30 hadi 60, kiasi ambacho betri na paneli ya jua vinaweza kubeba. Lakini betri nayo ni dola.

Na faida? Ukweli usifichwe. Utafiti ulioitwa SAVE, uliochapishwa mwaka 2016 ukiwa na washiriki 2,717 wenye maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo, haukuonyesha kwamba CPAP ilipunguza shambulio la moyo na kiharusi. Washiriki waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Ulionyesha kwamba ilipunguza kukoroma na usingizi wa mchana, na hisia za watu zikawa nzuri zaidi. Kwa dereva wa lori, kutosinzia mchana ni uhai mtupu. Kwa mzee asiye na dola 10 za akiba, mafundisho ya 1957 yenyewe yanamwachia: asiyeipata hana dhambi. Wenye kuulizwa ni wale wanaoamua mahali pawe na nini.

Maana ukawaida huhama. Tarehe 9 Agosti 1963 mtoto mchanga wa Rais Kennedy wa Marekani, Patrick, alifariki akiwa na umri wa saa 39 kwa mapafu yaliyoshindwa kubaki wazi. Utajiri wa Ikulu haukumnunulia pumzi. Mwaka 1971 George Gregory na wenzake wa San Francisco walieleza namna ya kuwasaidia watoto kama hao kwa upepo usiokatika. Leo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza njia hiyo kwa njiti wanaohangaika kupumua, na namna yake rahisi zaidi huishia kwenye chupa: ncha ya mpira huchovywa majini, sentimita tano, sita au nane, viputo vikitoka. Ni beseni letu na mrija wetu.

Msomaji unayelala karibu na mkoromaji, usiku wa leo shika saa. Hesabu kuanzia pumzi inapokatika mpaka inaporudi. Ikipita sekunde 10, na ikijirudia, andika: mara ngapi, saa ngapi, alilala chali au ubavu, alikunywa pombe au la. Mpelekee daktari karatasi hiyo, na presha yake ipimwe siku hiyo hiyo. Mchungaji au shehe mwambie pia, aombe.